Redio ya Barabarani: Jinsi Dereva wa Lori Awezavyo Kuichagua na Kuifunga

Miongoni mwa watu wa Afrika ya Mashariki waishio Marekani na Kanada, si wachache wapatao riziki yao kwa kuendesha malori makubwa. Mtu kama huyo apandapo lori la kazi kwa mara ya kwanza, aghalabu huona juu ya kichwa chake nafasi iliyoachwa wazi, na karibu nayo misumari miwili ya umeme, mmoja mwekundu na mmoja mweusi, pamoja na tundu la kuchomeka waya mnene. Mahali hapo pamewekwa kwa ajili ya redio iitwayo CB. Makala haya yaeleza redio hiyo ni kitu gani, jinsi ya kuichagua, na hasa jinsi ya kuifunga pamoja na eriali yake, kwa maana wengi hutoa fedha nyingi kwa redio kisha wakaifunga vibaya, wakabaki kusikia mchakacho tu.

Herufi CB ni kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya mawimbi ya raia. Redio ya nyumbani husikilizwa tu. Hii husema na kusikia, ila si kwa wakati mmoja. Abonyezaye kitufe cha kipaza sauti husema, naye akikiachilia husikia. Hapana nambari ya kupiga, wala mnara wa kampuni, wala ada ya mwezi. Lisemwalo husikiwa na kila mtu aliye karibu ambaye redio yake iko katika njia ile ile, kama vile mbiu ya mgambo inavyosikiwa na kijiji kizima, awe ameitwa au hakuitwa.

Serikali ya Marekani iliwafungulia raia mawimbi haya, yaliyo karibu na megahezi 27, katika mwaka 1958. Wakati huo njia zilikuwa 23. Mafuta yalipoadimika mwishoni mwa mwaka 1973, na mwanzoni mwa mwaka 1974 ikawekwa sheria ya mwendo usiozidi maili 55 kwa saa, madereva wa malori walinunua redio hizi kwa wingi ili kuambiana ni kituo gani chenye mafuta, na pia (twaeleza yaliyokuwa, wala hatuyasifu) ni wapi walipojificha polisi. Tarehe 1 Januari 1977 njia ziliongezwa zikawa 40, na mwaka 1983 raia wa kawaida hawakutakiwa tena kuomba leseni.

Baadaye ikaja simu ya mkononi. Ni kweli kwamba wenye kusikiliza CB wamepungua, na dereva aweza kwenda mchana kutwa asisikie neno. Basi kwa nini mtu aifunge? Na aifikirie barabara kuu ya 80 ipitayo katika jimbo la Wyoming, ambako njia yapanda mpaka mita 2,600 na zaidi juu ya usawa wa bahari. Wakati wa kipupwe upepo huipeperusha theluji hata mtu asiuone mwisho wa boneti yake. Malori mawili yakigongana mbele na kuiziba njia, dereva ajaye nyuma yake kwa mwendo wa kasi ana dakika chache tu za kuonywa. Aliyekwama mbele hana nambari ya simu ya huyo ajaye. Hata jina lake halijui. Lakini akibonyeza kitufe na kusema kwamba njia imezibwa karibu na jiwe la maili fulani, watu wote walio katika kilomita kadhaa humsikia mara moja. Kazi hiyo simu haiwezi kuifanya.

KUCHAGUA REDIO

Jambo la kwanza la kufahamu litamwokolea mnunuzi fedha nyingi. Sheria ya Marekani huruhusu redio ya CB itoe nguvu isiyozidi wati 4 kwa usemi wa kawaida uitwao AM. Redio ya bei ndogo na redio ya bei kubwa, zote mbili zikiwa halali, hutoa wati zile zile 4. Kwa hiyo muuzaji akisema kwamba hii ya bei kubwa yafika mbali zaidi kwa sababu ina nguvu zaidi, ama hajui kazi yake, ama anauza kitu kilichokatazwa. Zipo redio ziuzwazo chini ya jina la bidhaa za kupelekwa nchi za nje, na vile vile vyombo vya kuongeza nguvu vifungwavyo kati ya redio na eriali. Hivyo vyote ni haramu kutumiwa katika CB ya Marekani, na mwenye kukamatwa navyo hutozwa faini.

Bei iliyozidi hununua vitu vingine, na baadhi yake vina faida. Kilicho bora kuliko vyote, kwa maoni yangu, ni uwezo wa kupokea habari za hali ya hewa. Idara ya hali ya hewa ya Marekani ina vituo vyake nchini kote, vitangazavyo usiku na mchana katika mawimbi saba yaliyo kati ya megahezi 162.400 na 162.550. Redio nyingi za CB za sasa zaweza kuvisikia, na nyingine hulia zenyewe onyo la dhoruba litolewapo. Kwa dereva mgeni asiyejua kimbunga cha nchi kavu ni nini, kifaa hicho peke yake chatosha kuwa sababu ya kununua.

Cha pili ni kizuia kelele, chenye kupunguza mchakacho utokao katika mitambo ya lori lenyewe. Cha tatu ni kipaza sauti kigumu chenye waya imara, maana hicho ndicho kianguacho na kuvutwa kila siku. Atazame pia spika ya redio iko upande gani. Ikiwa iko chini ya kisanduku, na kisanduku kikifungwa juu ya rafu, sauti itazibwa. Hapo itambidi anunue spika ya pembeni. Taa za rangi saba na vifaa vya kuigeuza sauti kuwa kama ya mtu aliye pangoni havina haja.

Kuna namna nyingine ya usemi iitwayo SSB, ambayo sheria huipa mpaka wati 12 nayo hufika mbali zaidi. Lakini wenye malori huzungumza kwa AM, na asemaye kwa SSB hataelewana nao. FM iliruhusiwa Marekani mwaka 2021, ilhali Uingereza ilianza na FM tangu CB ilipohalalishwa huko Novemba 1981. Kwa kazi ya barabarani Marekani, AM yatosha.

UMEME WAKE

Redio hizi zimetengenezwa kwa umeme wa volti 12, au kwa usahihi zaidi volti 13.8, ambazo ndizo zipatikanazo injini ikiwa yafanya kazi. Malori ya Marekani hutumia volti hizo hizo, basi hapana tatizo. Lakini malori mengi makubwa ya Ulaya na Japani, ambayo ndiyo tuyaonayo katika barabara ya Mombasa, hutumia volti 24. Redio ya volti 12 ikiunganishwa na volti 24 itaungua papo hapo. Dawa yake ni kununua kipunguza volti, au kununua redio iliyotengenezwa kukubali volti zote mbili. Mafundi wengine huchukua umeme kutoka betri moja tu kati ya mbili. Hilo si jema, kwa maana betri moja itanyonywa na nyingine kujazwa kupita kiasi, na zote mbili zitakufa mapema.

Pasipo na misumari ya kiwandani, ni bora waya upelekwe moja kwa moja mpaka kwenye betri kuliko kuungwa na waya wa taa au wa redio ya muziki, kwa kuwa kelele nyingi huingia kupitia katika waya za namna hiyo. Waya mwekundu huenda upande wa kujumlisha, na mweusi upande wa kutoa. Fyuzi na iwekwe karibu kabisa na betri, si karibu na redio tu. Sababu ni hii: waya ukichubuka mahali fulani katikati na kugusa chuma cha lori, fyuzi iliyo karibu na redio haitaukinga, waya wote ulio nyuma yake utageuka kaa la moto. Ukubwa wa fyuzi ni ule ulioandikwa katika kitabu cha redio. Fyuzi ikikatika mara kwa mara, tafuta kasoro; usiweke kubwa zaidi, wala usiifunge karatasi ya sigara.

Redio yenyewe ifungwe mahali ambapo mkono waifikia bila macho kuiacha barabara, isizibe matundu ya hewa ya moto, wala isiwe mbele ya mfuko wa hewa ufumukao lori linapogongana.

ERIALI

Sasa twafika penye kiini cha mambo. Redio ya bei ndogo yenye eriali njema huishinda redio ya bei kubwa yenye eriali mbovu, na ushindi huo si mdogo. Kama fedha zako ni chache, zipunguze katika redio, uziongeze hapa.

Kila wimbi lina urefu wake. Wimbi la megahezi 27 lina urefu wa karibu mita 11. Eriali ya gari hupenda kuwa na robo ya urefu huo, yaani karibu mita 2.75. Fimbo ya urefu huo ndiyo ifanyayo kazi vizuri kuliko zote, lakini dereva gani ataka fimbo ya mita karibu tatu juu ya lori, ikipiga matawi ya miti na dari za vituo vya mafuta? Kwa hiyo watengenezaji huufupisha urefu huo kwa kuuzungusha waya. Eriali fupi ya faibaglasi ina waya mrefu uliozungushwa ndani yake kama uzi katika kibiringo. Nyingine zina koili nene katikati ya fimbo ya chuma. Kufupisha huku kuna gharama yake: kadiri eriali inavyokuwa fupi, ndivyo inavyopungua uwezo. Kwa lori, eriali ya mita 1.2 ni kadiri ya kufaa. Ile ya sentimita 60 ni ya mtu asiye na njia nyingine.

Tena eriali haifanyi kazi peke yake. Yahitaji chuma kipana chini yake, mfano wa ngoma ihitajivyo mzinga: ngozi peke yake hailii. Katika lori la zamani lenye bodi ya chuma, bodi yenyewe ndiyo mzinga huo. Lakini malori mengi ya siku hizi yana sehemu kubwa za faibaglasi na plastiki, na hata mikono ya vioo vya pembeni, ambako ndiko eriali hufungwa, mara nyingine haikugusana na chuma cha chasisi. Dereva hufunga eriali kwa uzuri, nati zimekazwa, lakini mawimbi hayana mahali pa kusimamia. Dawa ni kuchukua waya bapa wa kusuka, kuunganisha kikalio cha eriali na chasisi kwa njia fupi iwezekanavyo, baada ya kuikwangua rangi na kutu kwa msasa mpaka chuma cheupe kionekane. Rangi ni adui mkubwa katika kazi hii, kwa kuwa haipitishi umeme.

Katika kikalio kuna kipande kidogo cha plastiki kama pete, ambacho mtu mwenye haraka aweza kukidhani kuwa ni cha urembo. Pete hiyo huitenga fimbo ya eriali isigusane na chuma cha kikalio. Ikisahauliwa, au ikiwekwa upande usiopaswa, umeme wote wa redio utapita moja kwa moja kwenye chasisi, nayo redio yaweza kuharibika siku ile ile. Hili ni rahisi kulipima. Ondoa eriali, chomoa kebo kwenye redio, kisha kwa mita ya umeme pima kati ya ncha ya katikati ya plagi na ganda lake la nje. Yapasa pasiwe na mapitio hata kidogo. Halafu pima kati ya ganda na upande wa kutoa wa betri. Hapo yapasa mapitio yawe mazuri.

Kuhusu mahali, sehemu kubwa ya eriali na iwe juu ya paa la chumba cha dereva, na koili ikiwapo isijifiche nyuma ya chuma. Tela lenye sanduku refu huzuia mawimbi yaendayo nyuma. Kwa sababu hiyo malori mengi hufungwa eriali mbili, moja katika kila kioo, ili upande mmoja ukizibwa mwingine uone. Ili mbili zisaidiane vema yafaa ziwe mbali kwa kadiri ya mita 2.7, na upana wa lori wakaribia kadiri hiyo. Katika gari dogo eriali mbili ni pambo tu.

Kebo zake nazo si za namna moja. Eriali moja hutumia kebo ya omu 50, iitwayo RG-58 au nyingine bora ya aina hiyo. Eriali mbili hutumia kebo mbili za omu 75 zilizounganishwa kiwandani katika plagi moja, na urefu wa kila moja, karibu mita 5.5, umehesabiwa kwa makusudi kulingana na urefu wa wimbi. Kwa hiyo usizikate hata kama zimezidi. Ziada ifungwe kwa kulegea mfano wa nambari nane, mahali palipo wazi. Usiibane katika bawaba ya mlango wala usiikunje kwa nguvu. Kebo iliyobanwa na mlango kwa mwezi mmoja huwa imekwisha kufa ndani, ingawa nje yaonekana nzima.

KUPIMA

Usibonyeze kitufe cha kusema kabla eriali haijaunganishwa. Nguvu ya redio isipopata pa kutokea hurudi, nayo yaweza kuunguza sehemu ya mwisho ya mtambo. Hata eriali ikiwapo, ikiwa urefu wake haukupatana na wimbi, sehemu ya nguvu hurudi vile vile. Kuna mita ndogo ya kupimia marejeo hayo, iandikwayo SWR. Si ghali, na wengine huazimana. Redio nyingine zinayo ndani.

Lipeleke lori mahali pa wazi, mbali na majengo, malori mengine na nyaya za umeme. Funga milango, na watu wasisimame karibu na eriali. Unganisha mita kati ya redio na kebo kwa kipande kifupi cha kebo. Njia ikiwa tupu, weka swichi kwenye SET, bonyeza kitufe bila kusema neno, zungusha kirungu mpaka mshale ufike penye alama. Kisha geuza swichi na usome. Fanya hivyo katika njia ya 1, ya 19 na ya 40, ukirudia kuweka alama kila mara.

Jibu likiwa chini ya 1.5, kazi ni njema. Likiwa chini ya 2, lafaa kutumika. Likifika 3, usiseme kwa redio hiyo mpaka umepata kasoro. Sasa linganisha. Kama njia ya 40 ina marejeo makubwa kuliko njia ya 1, eriali ni ndefu mno; kama njia ya 1 ndiyo kubwa, eriali ni fupi mno. Eriali nyingi zina skrubu kileleni ya kurefusha na kufupisha. Zisizo nayo hukatwa kidogo kidogo, milimita chache kila mara, ukipima baada ya kila kata, kwa maana kilichokatwa hakiungiki. Zikiwa mbili, kila ufanyalo kwa moja ulifanye kwa ya pili. Na ikiwa njia zote ni mbaya kwa kadiri moja, usikate kitu. Kasoro si urefu bali ni muungano na chasisi, au ile pete ya plastiki, au plagi iliyotiwa risasi vibaya.

KUITUMIA

Njia ya 19 ndiyo ya madereva wa malori katika sehemu nyingi za Marekani, na njia ya 9 imetengwa kwa hatari na msaada kwa wasafiri. Kirungu cha SQ huzima mchakacho pasipo na msemaji: kizungushe polepole mpaka kelele ikatike, kisha acha hapo hapo. Ukikizidisha, utawazima na watu walio mbali. Shika kipaza sauti sentimita chache kutoka mdomoni na useme kwa sauti ya kawaida, bila kupiga kelele. Ukisikia mtu akisema «10-4», ameelewa. Akikuuliza «10-20» yako, ataka kujua mahali ulipo. Sheria yasema mazungumzo yasizidi dakika tano, kisha uwaachie wengine nafasi.

Siku nyingine utasikia sauti ya mtu aliye maili elfu moja au zaidi, wakati huo huo usimsikie jirani yako. Redio haijaharibika. Jua likiwa na madoa mengi, kama lilivyokuwa katika kilele cha mwaka 2024, tabaka za juu za anga huyarudisha mawimbi haya chini, nayo hutua mbali sana. Kwa kawaida lori na lori husikilizana katika kilomita chache, au kumi na zaidi penye uwanda wazi.

Sheria ya Marekani iliyoanza Januari 2012, iwakatazayo madereva wa malori kushika simu ya mkononi wakiendesha, haikuihesabu CB kuwa simu. Hata hivyo penye msongamano mkono ni wa usukani.

Kwa wenye malori wa Kenya, Uganda na Tanzania, mawimbi ya redio yako chini ya mamlaka ya mawasiliano ya kila nchi, na sheria za nchi moja si za nyingine. Mwenye nia ya kufunga redio ya kusemea katika lori la huku aulize kwanza katika ofisi ya mamlaka hiyo, kabla ya kuagiza chochote kutoka ng'ambo.

Baada ya juma la kwanza la safari, kaza tena nati za vikalio, kwa kuwa mtikisiko huzilegeza. Kabla ya kipupwe pima upya, kisha zungushia utepe wa mpira plagi zilizo nje, maana maji ya chumvi wanayomwaga barabarani kuyeyusha barafu huingia ndani ya kebo na kuila shaba yake.